Kidoti Nje ya Mstari

"Mstari huu ndio utakaomfunga," alisema Dk. Dalal, na ilionekana hakuyapenda maneno yake mwenyewe.

Inspekta Kidawa Duni aliivuta karatasi karibu. Ilikuwa imetoka kwenye printa sasa hivi, na juu yake mstari mwembamba wa buluu ulipanda na kushuka kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ziliandikwa siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumatatu ilikuwa fupi. Mwenye mstari huo, Mzee Zahor wa Kiponda, mpishi wa halua aliyejulikana mji mzima, alikufa hospitalini Jumatatu asubuhi na mapema, akazikwa adhuhuri, na kabla ya maziko hayo mkewe, Badriya, alikwisha tiwa ndani kwa tuhuma za kumuua kwa sindano ya insulini. Leo ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Saa tisa mchana jalada lilitakiwa liende kwa waendesha mashtaka. Likishafika huko kesi ni ya mauaji, na mauaji hayana dhamana. Badriya angekaa rumande mwaka, miwili, hata mitatu, akingoja siku yake.

"Nisomeshe, daktari," Kidawa alisema. "Lakini usinikimbize. Mie hesabu nlifeli skuli."

Dk. Dalal alikuwa na kliniki yake ndogo Mpendae, na ndani ya kabati lake alikuwa na mashine mbili alizorudi nazo kutoka masomoni. Hazikuwa na wenzao kisiwani. Moja ilikuwa mezani sasa, ndani ya mfuko wa plastiki wa polisi: kidude cha kijivu cha kuvaa kiunoni, chenye waya mwembamba uliokwenda kuishia kwenye kisindano chini ya ngozi ya tumbo. Kila baada ya dakika tano kiliandika kiasi cha sukari mwilini. Mvaaji mwenyewe hakuoneshwa kitu. Baada ya siku tatu kilirudishwa kwa daktari, kikaunganishwa na kompyuta, na hapo ndipo siku zote tatu zilipomwagika kwenye karatasi.

"Kila kilima ni chakula," daktari alisema. "Hiki ni chai ya Jumamosi, mkate wa boflo na maziwa. Hiki wali wa mchana. Akitembea, mstari unashuka taratibu. Akilala, unatulia. Mzee alikuwa anakwenda vizuri. Angalia, haukupita kumi na mbili hata mara moja."

"Na hivi vidoti vyekundu?"

"Mashine haijui kitu mpaka ifundishwe. Mara nne kwa siku mkewe anamtoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo cha kawaida, anapata namba, na namba ile anaiingiza humu. Kwa hiyo kila kidoti ni damu ya kidole, na kinatakiwa kikae juu ya mstari au karibu yake."

Kidawa alivihesabu kwa ncha ya kalamu. Vyote vilikaa kwa adabu, isipokuwa kimoja. Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo jioni, kidoti kilisimama peke yake juu kabisa ya karatasi, kwenye ishirini na saba. Chini yake, mbali, mstari ulipita kwenye sita, sukari ya kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea. Halafu, nusu saa baadaye, mstari ukaanza kuteremka. Tano, nne, tatu, kisha ukaganda chini kabisa, mahali ambapo mashine yenyewe haiwezi kusoma zaidi, na ukabaki hapo mpaka mwisho.

"Kimoja kati ya viwili hivi kinasema uongo," Kidawa alisema. "Kidoti au mstari."

"Kidoti. Hospitali walimtoa damu ya mkono alfajiri, wakapata moja nukta moja. Mstari ulikuwa chini vile vile. Mstari unasema kweli." Daktari alivua miwani. "Karatasi ya dozi ya insulini nlimpa mkewe mie kwa mkono wangu. Sukari ikipita ishirini, yuniti kumi na sita. Mtu mwenye ishirini na saba, dozi hiyo inamshusha salama. Mtu mwenye sita, mzee, na moyo wake ule..."

"Badriya kaandika ishirini na saba kwenye daftari lake."

"Na kipimo nacho kina kumbukumbu. Nimekifungua. Ishirini na saba nukta moja, dakika ile ile."

"Basi hakuandika uongo."

"Hakuandika. Lakini Inspekta, Badriya kawa nesi miaka sita. Anajua kwamba tone la maji ya glukosi kwenye ncha ya kidole linatosha kukidanganya kipimo. Anapata namba kubwa, anachoma dozi kubwa, na ushahidi wa kumtetea anao ndani ya mashine. Simsemi yeye. Nakwambia watakavyosema mahakamani."

Kusema kweli Kidawa alikuwa ameingia pale akitumaini karatasi ile ingemwokoa yule mwanamke, na sasa aliona inamchimbia kaburi. Simu yake ya mkono ililia. Alikuwa Mrakibu Mbarouk, bosi wake, mtu aliyependa majalada mepesi.

"Daktari kasemaje?"

"Anaendelea kunieleza, afande."

"Kidawa, mtoto wa marehemu keshatoa maelezo, hospitali wamesema sindano, mke kakiri kachoma. Wewe unatafuta nini tena? Saa tisa."

Alikata bila ya kuaga. Kidawa aliirudia karatasi, safari hii akianzia chini, kwa ukaidi tu. Chini kabisa, pembezoni, aliona safu ya alama ndogo za pembetatu.

"Hizi?"

"Hizo ni alama za kibonye. Nlimwambia kila akianza kutembea, abonye hapa. Ili nikiona mstari umeshuka nijue kwa nini."

"Na alikuwa akibonya?"

"Mzee Zahor? Sijapata kuona mgonjwa mtiifu kama yule. Akienda msikitini tu kabonya."

Pembetatu mbili za mwisho zilikuwa za Jumapili, ya kwanza saa kumi na dakika kumi jioni. Ya pili saa kumi na moja na dakika ishirini. Kidawa alifungua jalada na kutafuta maelezo ya Mundhir, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyezaliwa na mke wa kwanza ambaye alikwisha kufa zamani. Mundhir ndiye aliyekuwa akiliendesha duka la halua tangu baba yake apigwe marufuku kulisogelea, na ndiye aliyekwenda kituoni kumshtaki mama yake wa kambo. Maelezo yalikuwa wazi: *Nilipita nyumbani baada ya sala ya alasiri nikamkuta baba kalala. Hakutoka siku ile.*

"Mtu aliyelala habonyi matembezi," Kidawa alisema.

Alivaa glavu, akaitoa mashine mfukoni na kukigusa kibonye. Kilinata. Aliisogeza puani. Juzi, alipoipokea pamoja na nguo za marehemu, alidhani ni uchafu wa hospitali. Sasa, mahali penye kimya, alisikia harufu ya hiliki, kama ya halua.

*

Badriya aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na buibui lile lile la Jumatatu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na siku tatu zile zilikuwa zimemwongezea kumi. Mjane wa siku tatu mahali pake ni nyumbani kwa mumewe, amekaa eda, wanawake wenzake wamemzunguka. Yeye alikuwa hata maziko hakuyasikia. Kidawa alilijua hilo tangu Jumatatu na lilimkera, lakini kukereka si ushahidi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, Bi Badriya. Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Nshasema. Kwa Bi Sumaiya, mlango wa tatu. Kulikuwa na khitma ya mama yake. Nlitoka alasiri, nkarudi saa kumi na mbili kasoro, kukaribia magharibi."

"Uliporudi mumeo yuko wapi?"

"Kakaa kwenye kiti chake ukumbini. Kanzu kaitundika, kabaki na fulana."

"Hukujua kama alitoka?"

"Atoke ende wapi?" Aliinua uso. "Alitoka?"

"Mie ndo nnaekuuliza. Halafu?"

"Nkachukua kipimo. Saa yake ilikuwa ishapita kidogo. Nkamtoboa kidole, ikaja ishirini na saba. Nlishtuka. Nlitaka kupima tena, lakini vile vikaratasi vya kupimia vilibaki viwili, cha kulalia na cha asubuhi, na daktari kasema tusikose hata kimoja. Nkaangalia karatasi ya dozi, nkachoma. Akasali magharibi, akanywa uji kidogo, akasema kachoka. Nlimwacha alale, hata kipimo cha kulalia sikumwamshia. Mie nlidhani usingizi." Alivuta buibui usoni. "Nlidhani usingizi, afande."

Kidawa aliuliza polepole, neno moja moja:

"Kabla ya kumtoboa, alinawa?"

Macho ya Badriya yalikwenda kwenye meza, yakarudi.

"Siku zote nlikuwa nikimnawisha. Kwa sabuni. Daktari kasisitiza."

"Na Jumapili?"

"Nlimwambia, kanawe nikutoboe. Kanijibu, nna udhu wangu tangu alasiri, choma, magharibi inaingia." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mtu mzima ananambia ana udhu. Nimwambie mikono yako michafu? Sikuweza."

"Pamba ya spiriti?"

"Iliisha Jumamosi."

Kidawa aliandika neno moja, *udhu*, akalipigia mstari mara mbili. Ni kosa ambalo daktari yeyote aliyeandika vitabu vya sukari huko ughaibuni asingelifikiria. Mtu mwenye udhu ni msafi mbele ya Mola wake, na Badriya alimpima kwa usafi huo. Kipimo hakijui udhu.

Lakini udhu peke yake haukumwokoa. Waendesha mashtaka wangesema ni hadithi ya nesi mwenye akili. Ilibidi mikono ile ipatikane mahali fulani Jumapili jioni, na ipatikane imeshika kitu. Aliangalia saa. Saa sita na nusu.

*

Jiko la halua lilikuwa Sokomuhogo, nyuma ya duka, hatua za dakika kumi na mbili kutoka nyumbani kwa marehemu. Kidawa alizitembea mwenyewe na saa mkononi. Mkobani alikuwa na kipimo, vikaratasi kumi na sabuni, vyote vya kuazima kwa Dk. Dalal.

Ndani kulikuwa na moto wa kuni, sufuria ya shaba ambayo mtoto wa miaka kumi angeweza kukaa ndani yake, na mtu mmoja wa makamo, kifua wazi, akisukuma mwiko mrefu kwa mikono miwili. Huyo alikuwa Msabah, aliyekwisha pika miaka ishirini na tano katika jiko lile. Mundhir alisimama mlangoni pa duka, kanzu nyeupe, ndevu zimechongwa vizuri, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Inspekta. Nlidhani mmekwisha maliza."

"Bado kidogo. Jumapili, Bwana Mundhir, baba yako alikuja hapa?"

"Nshaandika. Alikuwa kalala."

"Msabah?"

Mwiko ulisita, ukaendelea. "Mie nnapika tu," Msabah alisema, macho ndani ya sufuria.

"Baba alikatazwa jiko hili mwaka wa pili sasa," Mundhir alisema. "Na daktari, na dada zangu, na mie mwenyewe. Nani angemleta?"

Kidawa aliweka kipimo juu ya meza, akanawa kwa sabuni, akajitoboa kidole. Alichukia sindano tangu utotoni na hakuficha. Namba ikaja: tano nukta sita. Kisha akaomba kipande cha halua kutoka kwenye sinia la dukani, akakifinya kati ya kidole na gumba kama alivyowaona wapishi wakifanya wanapotaka kujua imeiva au bado. Akajifuta kwa kitambaa cha Mundhir. Akatoboa kidole kile kile.

Tano nukta nane.

Alijitoboa tena kwa hasira, kidole kingine, halua zaidi. Sita kamili.

Mundhir alikuwa ameelewa anachotafuta. Alitabasamu, si kwa ubaya, kwa faraja, na faraja ile ndiyo iliyomtia Kidawa wasiwasi zaidi. "Unaona? Marehemu kashika halua maisha yake yote, Inspekta. Ingekuwa inadanganya mashine, angekufa zamani. Yule mwanamke anajua alichokifanya."

Saa saba na dakika ishirini. Kidawa alitoka uani, akampigia Dk. Dalal na kumweleza kwa kunong'ona.

"Ah! Nlikosa kukwambia," daktari alisema. "Kile kikaratasi kinaona sukari ya aina moja tu, glukosi, hii ilokuwemo damuni. Sukari ya dukani ni nyingine. Mpaka ifike tumboni ivunjwe ndipo inakuwa glukosi. Juu ya kidole, kipimo hakiioni. Halua ya sukari ya kawaida haiwezi kukufikisha ishirini na saba."

"Kwa hiyo nimekosea."

"Kama halua yao ni ya sukari ya kawaida, umekosea."

Alikata simu na kubaki amesimama, kichwa tupu. Aliiona saa tisa inakuja. Aliuona uso wa Badriya atakapoambiwa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, alitazama pale alipo: kuni, gunia la wanga, madebe ya samli, na karibu na mfereji, zimepangwa, ndoo tatu nyeupe za plastiki zenye vifuniko. Moja ilikuwa tupu. Aliinama. Ndani ulibaki ute mzito, mweupe kama maji, unaovutika. Ubavuni palibandikwa karatasi ya kiwandani, na neno la juu kabisa hata aliyefeli hesabu angelisoma. *Glukosi.*

Alirudi ndani ameibeba.

"Msabah. Hii ya nini?"

"Hiyo..." Msabah alimtazama Mundhir. "Hiyo ya oda ya harusi. Maskati."

"Nyamaza, Msabah," Mundhir alisema.

"Asinyamaze. Oda ya harusi inapikwa vipi?"

"Halua yetu ikisafiri na kukaa inafanya chenga za sukari," Msabah alisema, na sasa maneno yalimtoka haraka, ya mtu aliyechoka kuyabeba. "Bwana Mundhir kaleta hii, inabaki laini mwezi mzima. Lakini haikazi kama tulivyozoea. Mkono haujui imeiva lini. Jumapili sufuria nzima ilikuwa inatushinda."

"Imebaki halua hiyo?"

Ilibaki. Ilikuwa kwenye kikapu juu ya rafu, imefunikwa. Kidawa alimega, akafinya, akajifuta kwa kitambaa kile kile mpaka kidole kikaonekana safi. Akajitoboa. Walisubiri wote watatu, na kuni zikilia chini ya sufuria.

Ishirini na nane nukta tatu.

Alinawa kwa sabuni, akajitoboa tena mbele yao. Tano nukta saba.

"Sasa," alisema, akivuta kigoda na kukaa, "nakuuliza mara ya mwisho kabla sijabadilisha jina lililoandikwa juu ya jalada. Nani alimwita?"

Mundhir alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Tabasamu lilimtoka zamani.

"Mie."

"Saa ngapi?"

"Baada ya alasiri. Nlijua yule keshatoka kwenda khitmani. Nlimwambia baba, njoo unishikie tu, sufuria itanitia aibu, watu wa harusi wanaondoka Jumanne. Akaja."

"Akashika mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Kila baada ya dakika tano," Msabah alisema. "Alisimama hapo nlipo mie karibu saa nzima. Anashika, anajifuta, anashika. Kisha akasema, ongezeni moto, bado kidogo, nnakwenda zangu kabla mwenyewe hajarudi. Hakunawa. Mfereji ulikuwa mkavu siku ile, maji ya mtaa mzima yalikatika."

"Na kwa nini ulisema uongo?" Kidawa alimuuliza Mundhir.

"Kwa sababu alfajiri waliponiita hospitali nlidhani ni mie!" Sauti ilimpanda, ikavunjika. "Nlidhani harufu, moto, kusimama, sijui nini. Dada zangu wangesema nimemuua baba kwa oda ya harusi. Halafu nesi wa hospitali akatoka akasema, sukari imeshuka, kachomwa sindano kupita kiasi. Sindano si yangu. Wallahi, Inspekta, nlishukuru. Ndio Mungu anisamehe, nlishukuru, na shukurani ile nkaibeba mpaka kituoni."

Kidawa alimwamini, na kumwamini hakukumpunguzia hasira. Mtu alilazwa kwenye sakafu ya saruji siku tatu kwa sababu mwingine aliona haya mbele ya dada zake.

"Kalamu hii hapa. Andika yote, uanze na khitma. Msabah, na wewe."

Saa nane na dakika arobaini alimpigia Mrakibu Mbarouk. Alimsomea maelezo mawili na namba tano.

"Una hakika?" Mrakibu aliuliza.

"Lete kidole chako, afande, halua ipo."

Mrakibu alipumua kwa nguvu. "Mtoe," alisema. "Na huyo mwongo nimwone kesho saa mbili, kwa maelezo ya uongo."

*

Mundhir aliifungua kufuli mpya aliyoitia mwenyewe Jumatatu kwenye mlango wa nyumba ya Kiponda. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili. Badriya alisimama nyuma yake pamoja na Kidawa. Kidawa alikwisha mweleza Badriya kila kitu kituoni, mstari, kidoti, ndoo, mfereji, na alimweleza kwa upole alioweza, kwa sababu alijua habari ile inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

"Kwa hiyo ni mie nlomchoma," Badriya alisema sasa.

"Ulifuata karatasi ya daktari na namba ya mashine. Serikali haina neno na wewe."

"Sikuuliza serikali."

Badriya alimgeukia Mundhir. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi ambayo hakuyaona.

"Alikula?"

"Nini?"

"Alipokuja jikoni. Alikula halua? Niambie kweli. Siku moja tu sema kweli."

"Hakula." Mundhir aliinamisha kichwa. "Nlimkatia kipande nkamtilia kisahanini, nkamwambia onja kidogo tu, ndo utajua imeiva. Akakirudisha. Kasema, nshampa Badriya ahadi yangu, we lete mkono wako tu nikufundishe kushika."

Badriya aliweka kiganja ukutani.

"Nlipoiona namba ile," alisema, na hakuwa akisema na yeyote kati yao, "nlimwambia umekula. Akaniapia hajala. Nkamwambia muongo, mtu mzima unamtaja Mungu kwa ajili ya halua. Alivuta mkono wa fulana, akanipa bega nimchome."

Mundhir aliusukuma mlango mpaka mwisho na kusogea pembeni ili apite. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshasikia na kujaa barazani, na mmoja wao alitangulia ndani kutandika mkeka wa kukalia eda. Badriya aliutazama, lakini ulipita muda mrefu kabla hajaweza kuinua mguu.